Kionjo cha Sauti ya Bi Kazija

Alhamisi moja, baada ya sala ya alasiri, Ulfat, karani wa mradi, alikuwa amepanda juu ya kiti katika ofisi yao pale Kiponda, Mji Mkongwe, anabandika upya kona ya bango iliyokuwa ikibanduka kila siku kwa unyevu. Bango liliandikwa SAUTI ZILIZOSAHAULIKA: USAWA KWA NJIA YA KIDIJITALI, na chini yake zilipangwa nembo za wafadhili, nyingi kama chupa za dawa kwenye dirisha la mgonjwa. Kiyoyozi kilikuwa kikidondosha maji kwenye ndoo ya rangi. Mlango ukasukumwa, akaingia Bi Kazija binti Ubwa wa Jambiani, aliyefariki miaka tisa nyuma, akavua ndara zake, akaketi kwenye benchi la wageni.

"Shikamoo, bi mkubwa," alisema Ulfat kutoka juu ya kiti.

Bi Kazija akainua mkono. Ulfat akashuka, akafungua kitabu cha wageni, kwa kuwa wafadhili walisisitiza kila anayeingia aandikwe jinsia yake, umri wake na kundi lake maalumu. Kwenye umri akaandika ule wa siku aliyokufa. Kwenye kundi maalumu akafikiri kidogo, akaandika: mwanamke, mzee, wa shamba. Kisha akamletea maji, ambayo Bi Kazija hakuyanywa, na akarudi kwenye bango lake.

Unguja kila mtu anajua kwamba maiti hurudi kwao usiku wa kuamkia Ijumaa. Husimama mlangoni kungojea kisomo, ubani ukafuka, wakiridhika huenda zao. Hakuna anayewashangaa wala kuwaulizia. Bi Kazija yeye hakuwa akienda Jambiani. Alikuja Kiponda, kwa sababu sauti yake, kama ilikuwa na anwani yoyote hapa kisiwani, anwani hiyo ilikuwa chumba cha pili, ghorofa ya kwanza, juu ya duka linalowauzia watalii viungo vya unga vilivyokwisha harufu.

Sauti yenyewe iliondoka kwa adabu. Miaka ile kilimo cha mwani kilipokuwa bado kigeni Jambiani, alikuja mtaalamu mmoja wa chuo cha nchi za baridi, na mashine ya kanda begani. Alitaka nyimbo za wanawake wanaofunga mwani. Wenzake Bi Kazija walimkwepa. Mmoja alisema ana kikohozi, mwingine akasema ana mume. Bi Kazija hakuweza kukataa, kwa kuwa mtu yule alikuwa ameshakula kwake, na aliyekwisha kula kwako humnyimi kitu ulicho nacho. Akamwimbia. Akaimba nyimbo za shambani, za ngoma, za kubembeleza watoto, na akaeleza nani alimwimbia nani na kwa kisa gani. Kanda zilipojaa, mgeni akafunga masanduku yake. Bi Kazija akatoka hadi barazani kumuaga, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Mgeni akampa mkono, akaenda zake. Katika kitabu chake, ambacho kilimpandisha cheo, aliandika kuwa wanawake wa pwani ya mashariki ni wakimya kwa maumbile.

Daktari wa mjini alimmulika Bi Kazija koo, akasema ni safi kabisa. Hajapata kuona koo safi namna ile, alisema, kama nyumba iliyohamwa.

Watu wakazoea. Wangekosaje kuzoea? Hapa zimeshaondoka pembe za ndovu, zikaondoka karafuu, wakaondoka watu na minyororo yao. Hata milango ya nakshi ya Mji Mkongwe iling'olewa ikapandishwa meli, na baadaye wakaja hao hao wenye milango yetu kutufundisha namna ya kubisha hodi. Sauti ya mwanamke mmoja wa Jambiani haikuwa jambo la kuitia mkutano.

Bi Kazija akamlea mwanawe wa pekee, Mayasa, kwa mikono, kwa macho, na kwa kupiga sufuria: mara moja maana yake njoo, mara mbili maana yake utanikoma. Mtoto akakua vizuri. Siku ya harusi yake, hina bado mbichi, wakwe wamejaa uani, Mayasa alikasirikia jambo dogo ambalo hata mwenyewe baadaye hakulikumbuka, akamgeukia mamake mbele za watu, akasema: "Mama gani wewe, hata kigelegele huna!"

Wakwe wakatazama sinia za biriani. Bi Kazija akatazama chini.

Miaka ikapita juu ya neno hilo, na halikufa. Bi Kazija alipokuwa akiaga dunia, Mayasa alipiga magoti kando ya kitanda akaomba radhi. Mamake akaitikia kwa kichwa. Akamshika mashavu. Akachezesha midomo.

"Radhi hutamkwa," alisema Bi Zuleikha, jirani na mwenzake wa shambani, aliyekuwa amekaa upande wa miguu. "Ya kichwa ni ya mtu aliyeulizwa kama anataka chai."

Haikuwa roho mbaya. Bi Zuleikha alikuwa akisema kile kila mtu chumbani alichokijua. Na kweli, tangu arubaini ya mamake, kila alichokifunga Mayasa kilifunguka.

Kazi ya mwani yote ni kufunga. Maji ya bamvua, yale yanayokupwa sana, yakitoka, wanawake huingia shambani baharini na kamba zao, na kila mbegu ya mwani hufungwa kwenye kamba kwa uzi mdogo unaoitwa tai-tai. Mayasa alifunga kama wenzake, kwa vidole vile vile alivyofundishwa na mamake, na maji yalipojaa tai-tai zake zilifunguka moja moja, bila fujo, mbegu zikaelea hadi ufukweni na kuokotwa na watu wengine. Magunia yake yalifunguka. Mbuzi wake wa Idi alifunguka akatembea hadi kijiji cha Paje. Ndoa yake nayo ikafunguka: mume wake Miraji hakupiga kelele wala kuvunja kitu. Alilegea taratibu, siku moja akawa hayupo.

Mayasa akaenda kwa sheikh.

"Mungu anaijua nia ya mamako," alisema sheikh, na alikuwa mtu mwema. "Mimi sina shaka na nia. Lakini kamba, mwanangu, hazijui nia."

Basi mambo yalikuwa hivyo mradi ulipofika Jambiani. Ulikuja na hema jeupe, fulana za kijani na Dakta Sabri, mtu wa Vuga, msomi, mpole, mwenye sauti iliyopigwa pasi. Aliwaambia wanawake kuwa kanda za yule mtaalamu zimepatikana katika chuo chake, kwamba dunia sasa inaona haya kwa yaliyopita, na kwamba zimetolewa fedha nyingi ili sauti za watu waliosahauliwa zirudi kwa wenyewe.

"Nani aliwasahau?" aliuliza Bi Zuleikha. "Sie hatukumsahau mtu."

"Ni lugha ya kitaalamu, bi mkubwa."

"Sauti ya mama yangu ipo?" aliuliza Mayasa. Alikuwa amesimama, na kanga yake ilikuwa ikifunguka kiunoni. Aliishika kwa mkono, kama kawaida yake.

"Ipo, tena imesafishwa," alisema Dakta Sabri. "Imehifadhiwa kwenye mitambo kule, mahali pa baridi. Haiozi."

"Kama samaki wa barafu," alisema Bi Zuleikha.

"Naam! Mfano mzuri sana."

"Sijapata kumuona samaki wa barafu akirudi baharini, baba."

Dakta Sabri akacheka, akamwambia Ulfat aandike kwamba jamii imeonyesha uelewa.

Fedha zikafanya kazi yake. Alipatikana mshauri wa kuchunguza kwa nini watu wa Jambiani hawaitumii tovuti ambayo ilikuwa bado haijatengenezwa. Dakta Sabri alisafiri kwenye makongamano, akamzungumzia Bi Kazija katika miji ambayo Bi Kazija hakuijua hata kwa jina. Wanawake wa mwani waliletwa mjini kwenye warsha, wakafundishwa kwa picha za ukutani kuithamini sauti yao, ndani ya ukumbi uliokuwa baridi hata Bi Zuleikha akajifunika kitambaa cha meza. Wakapewa vyeti. Mayasa alikikunja chake akakifunga kwa uzi ili kisilowe njiani, na alipofika nyumbani hakikuwa mkononi.

Tovuti ilipokuwa tayari ilikuwa nzuri, hilo lazima lisemwe. Picha ya Bi Kazija ilikuwa mbele kabisa, mdomo wazi, kijana. Ila kumsikiliza kulihitaji barua pepe ya chuo kinachotambulika na sababu ya kiutafiti. Ulfat alimkaribisha Mayasa kwenye kompyuta yake, wakajaribu pamoja. Kwenye sababu Mayasa akasema aandike: ni sauti ya mama yangu. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa. Lilimshukuru kwa hamu yake, likasema sababu aliyotoa haihusiani na utafiti.

Mayasa akaingia chumba cha Dakta Sabri.

"Dakta, si mlisema mnarudisha?"

"Tunarudisha, Bi Mayasa. Tunarudisha kidijitali."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo kwamba kitu kinarudi bila kuondoka kule kilipo."

Mayasa akalifikiria hilo. "Na ule usawa?"

"Usawa ni mchakato," alisema Dakta Sabri, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli, kwa sababu alikuwa ameihudhuria warsha ya huruma.

Ni katika wiki hizo ndipo Bi Kazija alipoanza kuja Kiponda. Mayasa aliambiwa na Ulfat kwa simu: "Bi Mayasa, mamako yuko hapa, hataki maji." Mayasa akaja mjini Alhamisi iliyofuata, akamkuta mamake kwenye benchi, na buibui lake la kamba, la zamani. Akambusu mkono. Akaketi kando yake. Wote wawili wakatazama mlango wa chumba cha Dakta Sabri, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari.

Dakta Sabri alipotoka akamwona Bi Kazija, hakushtuka. Akasema kwamba ushirikishwaji wa marehemu ni jambo ambalo hakuna mradi mwingine wa ukanda huu uliolifikia, na akaagiza apigwe picha. Alitoka vizuri sana kwenye picha. Maiti hawapepesi macho.

Ulfat hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mkataba wa miezi, na wema wa mtu mwenye mkataba wa miezi lazima upite mlango wa nyuma. Uzinduzi wa tovuti ulipopangwa uwe Jumanne, alisema ukumbi umejaa Jumanne. Uko wazi Alhamisi. Na alimnong'oneza Mayasa pembeni ya ngazi: chuo kimetoa akaunti moja ya mgeni kwa ajili ya sherehe. Itafungua kionjo cha sauti ya Bi Kazija, nusu dakika, mara moja. Baada ya hapo akaunti inajifunga.

"Nusu dakika inatosha," alisema Mayasa. "Neno lenyewe moja."

Alhamisi ya uzinduzi, saa ya alasiri, walimkalisha Bi Kazija kwenye ukumbi wa hoteli Shangani, safu ya mbele, karibu na meza ya maji ya chupa. Mayasa alichuchumaa miguuni pake.

"Mama, nsikilize. Sauti ikija, usisalimie mtu. Umenifahamu? Usianze na salamu. Sema umeniwia radhi, basi."

Bi Kazija akaitikia kwa kichwa.

"Mwambie tena," alisema Bi Zuleikha kutoka safu ya nyuma. "Mie namjua. Huyu alikuwa akimsalimia hata paka wa jirani."

"Mama, usisalimie."

Bi Kazija akaitikia tena, na akamrekebishia mwanawe kanga iliyokuwa ikimteleza begani.

Sherehe ilianza kwa dua. Ikafuata hotuba ya wafadhili, iliyosema kuwa wao hawakuja kutoa bali kujifunza. Ikafuata hotuba ya Dakta Sabri, aliyetaja waheshimiwa wote waliopo na waliotuma udhuru, kisha akasema itifaki imezingatiwa, kisha akataja wengine aliowasahau. Mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa mmoja wa serikali, mtu mzima, mwenye koti zito kuliko hewa ya Shangani. Naye akazungumza. Alisema sauti ni urithi. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa hilo lilikuwa kweli.

Hatimaye Dakta Sabri akabonyeza kitufe.

Kwenye skrini kubwa zikatokea namba, zikaanza kurudi nyuma. Kutoka kwenye spika ukatoka wimbo wa kufunga mwani, sauti ya mwanamke kijana, nyembamba juu na pana chini. Wanawake wa Jambiani waliinua vichwa. Sauti ikazunguka ukumbi mara moja, ikipita karibu na kuta, kama paka aliyerudi nyumba iliyopakwa rangi mpya, kisha ikamwona mwenyewe, ikashuka, ikaingia mdomoni mwake. Spika zikanyamaza. Bi Kazija akakohoa. Akapangusa midomo kwa ncha ya buibui.

Mayasa alikuwa amemshika magoti.

Bi Kazija akamtazama mwanawe. Akatazama ukumbi. Watu walikuwa wengi, wamevaa vizuri, wametoka mbali, na wote walikuwa wakimtazama yeye. Miaka yote ile hakuwa amemwambia mtu hata hujambo.

"Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh," alisema.

Ukumbi mzima, watu wenye malezi, ukaitikia hadi mwisho, haukuacha hata herufi.

"Mama," alisema Mayasa.

"Mheshimiwa, hujambo, baba?"

Mgeni rasmi, aliyekuwa ameshakaa, akasimama tena, akafunga kifungo cha koti. "Sijambo, mama yangu. Shikamoo."

"Marahaba. Wa nyumbani?"

"Hawajambo wote, wanakusalimu."

"Kazija!" aliita Bi Zuleikha. "Wacha salamu, shoga! Sema na mtoto!"

Bi Kazija alimgeukia kwa haya, kama mtu anayehimizwa atie mkono kwenye sinia na wageni bado hawajanawa. Aliongeza mwendo. Huo ndio uliokuwa uwezo wake wote: kuongeza mwendo. "Na nyie wageni mliotoka mbali, poleni na safari. Wazee mliopo, nakushikeni miguu. Vijana wa mitambo, ahsanteni. Zuleikha, na wewe hujambo?"

"Sijambo!" alipiga kelele Bi Zuleikha, machozi yakimtoka kwa hasira, maana hata yeye hakuweza kusalimiwa akaacha kuitikia.

Watu wote wakawa wameshapata chao. Aliyebaki ni wa nyumbani, na wa nyumbani hupakuliwa mwisho. Bi Kazija akainama, akayashika mashavu mawili ya binti yake.

"Ama wewe, mwanangu Mayasa," alisema.

Namba zikafika mwisho. Sauti ikamtoka mdomoni, ikapita juu ya chupa za maji, ikaingia kwenye spika na kwenda zake kwa waya. Skrini ikaandika: Kionjo kimekwisha. Tafadhali ingia kwa akaunti ya taasisi yako ili kuendelea.

Makofi yalikuwa makubwa. Mgeni rasmi alijipangusa macho kwa leso. Alimwambia aliyekaa naye kwamba hajasalimiwa vizuri namna ile tangu afe mamake. Mfadhili mmoja, ambaye hakujua Kiswahili, aliuliza bibi amesema nini, akaambiwa ametoa shukrani.

Mayasa alikuwa ameshafika kwenye kompyuta.

"Irudie."

"Akaunti imeshajifunga, Bi Mayasa."

"Neno moja, Dakta. Keshalifikia. Lilikuwa mdomoni."

"Mimi naumia kama unavyoumia wewe," alisema Dakta Sabri. "Tutaliweka kwenye ripoti, sehemu ya changamoto."

Ulfat alisukuma kiti, akajaribu nenosiri lake, la Dakta Sabri, na la mtu aliyeacha kazi. Mashine ikamtaka athibitishe kuwa yeye ni binadamu. Akathibitisha. Ikakataa. Safu ya mbele, Bi Kazija alikaa na mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeacha mlango wa nyumba bila komeo kwa kuwa aliyetoka amesema hachelewi. Wahudumu wakaanza kuleta sambusa.

Jioni hiyo wakarudi Jambiani. Walipofika kwenye msikiti wa kwanza wa kijiji, Bi Zuleikha akasema: "Na mie nlimwitikia. Nlishindwa nini kunyamaza?"

"Ungenyamaza angekuuliza tena," alisema Mayasa.

"Angeuliza tena, ndiyo."

Bamvua ilipokuja, Mayasa aliingia shambani na wenzake, akafunga kamba zake zote, na maji yalipojaa tai-tai zikafunguka.

Ripoti ya mradi ilisema lengo limefikiwa na kupitwa. Wanufaika walihesabiwa kwa makundi, na kwenye kundi la marehemu alikuwepo mmoja, jambo lililowafurahisha sana wafadhili. Awamu ya pili ikapata fedha upesi. Bi Kazija akapewa kiti chake mwenyewe, chenye mto, mahali pa benchi, na kitambulisho cha kuvaa shingoni kilichoandikwa Balozi wa Jamii, na chini yake kwa herufi ndogo, wa kujitolea. Aliendelea kuja kila Alhamisi. Wageni wa mradi walipofika walipelekwa kwanza kwake, naye akawainulia mkono.

Filamu ya uzinduzi ilirushwa kwenye skrini mpya ya ofisi, mfululizo. Ilikuwa na maandishi chini, kwa lugha mbili. Ulfat ndiye aliyeyaandika, na aliyaandika kama yalivyosemwa, hadi pale: Ama wewe, mwanangu Mayasa. Dakta Sabri alimrudishia kazi.

"Sentensi haijakwisha."

"Ndivyo ilivyoishia, Dakta."

"Sentensi isiyokwisha haipati mfadhili," alisema Dakta Sabri, na akaimalizia mwenyewe. Aliimalizia kwa uangalifu, na hakuona kama anadanganya. Alikuwa akisaidia.

Alhamisi moja Mayasa alikuja kutoka Jambiani na mkungu mdogo wa ndizi kwa ajili ya Ulfat, ambaye mkataba wake ulikuwa ukingoni. Akambusu mamake mkono, akaketi sakafuni kando ya kiti chenye mto. Mbele yao, kwenye skrini, Bi Kazija wa kwenye filamu alikuwa akimsalimia mheshimiwa. Akawapa pole wageni. Akamsalimia Zuleikha. Akainama. Na chini ya uso wake yakatokea maandishi meupe, safi, yanayosomeka hata na mtu aliyesimama mlangoni: Ama wewe, mwanangu Mayasa, ushukuru mradi.

Mayasa akayasoma. Akageuka.

"Ndivyo ulivyotaka kusema, mama?"

Bi Kazija akatikisa kichwa: siyo.

"Nlijua," alisema Mayasa.

Akauegemeza mgongo wake kwenye miguu ya mamake. Ulfat alikuwa akikusanya vitu vyake mezani. Akawaambia wanaweza kukaa hadi maghribi, yeye anashuka, wakitoka wavute mlango. Filamu ikafika mwisho, zikapita nembo zote, ikaanza upya. Rimoti ilikuwa kwa Dakta Sabri, na Dakta Sabri alikuwa safarini, kwenye kongamano la haki ya kusikilizwa.